Wenzangu wa Lubumbashi: nimpeleke wapi mbwa wangu afundishwe kuishi na watu?

#1 – MamaTutaona, Bel-Air

Jambo yenu. Uzi huu ni mrefu, mnisamehe. Jambo lenyewe linanisumbua tangu mwezi wa tatu, na nimechoka kulieleza nusu nusu mlangoni.

Nina mbwa dume, umri mwaka mmoja na nusu. Mama yake ni Malinois, mbwa wa kazi wa asili ya Ubelgiji, wa nyumba moja kule mtaa wa Golf. Baba yake hajulikani, ila kwa ule mkia uliojiviringa juu ya mgongo nadhani ni mmoja wa hawa mbwa wetu wa mitaani. Anaitwa Tutaona. Jina alilipata kwa marehemu mume wangu, siku ileile alipomleta ndani ya boksi la sabuni. Wakati huo tulikuwa na kesi ya mpaka wa lupango (kiwanja cha nyumba) na jirani wa nyuma, na desturi mnaijua: mbwa hupewa lile neno ambalo mwenye nyumba hawezi kumwambia mtu usoni. Kesi ikaisha, mume wangu akatangulia mbele ya haki, jina likabaki. Hadi leo nikimwita mbwa kwa sauti, yule jirani anageuza kichwa.

Mwezi wa tatu Tutaona alimuuma mtoto. Mtoto wa miaka 6, wa lupango ya tatu kutoka kwetu, aliingia mbio akifuata mpira, mlango mkubwa ulikuwa wazi. Meno mawili kwenye tafu. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nikihesabu kwenye simu, kisha tukakimbia hospitali. Karatasi ya chanjo ya Tutaona nilikuwa nayo, lakini daktari alisema mtoto achomwe sindano zote za kichaa cha mbwa bila kungoja, na mbwa afungwe aangaliwe siku 10. Zile siku 10 nilikuwa naamka usiku na tochi kwenda kutazama kama bado anakunywa maji.

Wazee wa avenyu walikuja kukaa kwangu. Baba wa mtoto, Mungu ambariki, hakudai chochote zaidi ya pesa ya sindano na ya moto (pikipiki) ya kwenda hospitali. Alisema tu: "Mama, huyu afundishwe ao aondoke." Nikaahidi mbele ya wote kwamba atafundishwa. Ahadi hiyo ndiyo inayonizungusha mji mzima.

Nilianzia kwenye kampuni moja ya ulinzi. Mkubwa wa mbwa pale, yule wanayemwita metre-shien, alimpima Tutaona kwa macho akasema damu ya kazi anayo: nimwache miezi 3, dola 350, na nisifike kumwona kabla ya muda kuisha. Nikauliza atarudi akijua nini. Akajibu: atajua kushika mkono wa mwizi asiuachie. Nikamwambia, Baba, huyu ameshauma, ninachotaka asiume tena. Akaniangalia kwa huruma kabisa, akauliza swali ambalo nimelisikia kila nilikopita: "Sasa mbwa asiyeuma, Mama, unamfuga wa nini?"

Nikaelekezwa kwa kijana anayefundishia chini ya mikaratusi, njia ya Kasapa, dola 10 kwa somo. Somo la kwanza mnyororo wa kukaba shingo. Somo la pili fimbo. Somo la tatu Tutaona alilala chini akajikojolea mbele ya watu, na mimi nimesimama pale nimeshika mkoba wangu, nimelipa. Sikurudi. Tangu siku hiyo nikishika tu ufagio anakwenda kujibana nyuma ya pipa la maji. Kuna badiliko jingine ambalo mwanzoni nililifurahia: zamani mgeni akifika alikuwa ananguruma, sasa hangurumi. Ananyamaza, anakaza macho.

Halafu kuna kundi la wenye mbwa wanaokutana Jumamosi ndani ya ua mmoja kule Golf. Hao nilisimama mlangoni nikawatazama saa nzima, na karibu nilie, maana ndicho hasa nilichokuwa natafuta. Mbwa anapita karibu na mtoto, anamwangalia bwana wake, anapewa kipande cha nyama. Hakuna kelele. Lakini kila mbwa pale alishuka kwenye gari la kwao. Taksi hazipakii mbwa. Mwenye moto mmoja alikubali kwa bei mara tatu, Tutaona akaruka hata mjini hatujafika. Ada yao ni ya miezi 3 kwa mara moja. Na amri zote ni Kifaransa: assis (kaa), couché (lala), au pied (tembea kando yangu). Nyumbani anaishi na mimi na bibi yangu aliyepita miaka 80, na Bibi humwambia "ikala" (kaa) na "kuya" (njoo). Mbwa atamsikiliza nani?

Nilipomsimulia Bibi, aliniambia jambo ambalo bado nalifikiria. Yeye alikulia hapa mji ukiitwa bado Élisabethville. Baba yake alipika kwa wazungu, na kati ya mji wao na Kamalondo, ambako Waafrika waliishi, kulikuwa na eneo tupu lililoachwa makusudi bila nyumba. Anasema mbwa wa ile nyumba alimjua baba yake kwa harufu na hakumgusa, lakini Mwafrika mwingine yeyote akifika mlangoni alirukiwa. "Hakuna aliyemfundisha kwa fimbo," akasema Bibi. "Aliona tu wakubwa wake wanamwogopa nani." Naona swali la yule metre-shien lilianzia huko. Vibao vya "Chien méchant" (mbwa mkali) bado viko kwenye malango yetu, na sisi ndio tunaovitundika sasa.

Basi naomba. Kuna anayejua mahali katika mji huu, kwa bei ya mjane, ambapo mbwa anafundishwa kutembea kwa kamba, kuja akiitwa, na kumwacha mtoto apite?

#2 – Kwetu_Katuba

Pole Mama kwa mtoto na kwa mbwa. Lakini nikuambie kama mdogo wako: dola 10 ni unga wa nyumba siku ngapi? Sisi huku mbwa anafungwa mchana, anafunguliwa usiku, anakula bukari (ugali) iliyobaki, na hajawahi kwenda shule. Mfunge mnyororo mfupi, mtoto hatafikiwa. Mambo yataisha.

#3 – MamaTutaona

Aksanti mdogo wangu. Nimejaribu kumfunga, wiki 2. Anazunguka mti mpaka udongo umechimbika duara, na watoto wanaopita nje wanamtupia mawe kwa sababu wanajua hafiki. Sasa akiona mtoto tu, nywele za mgongo zinasimama. Kabla ya mnyororo hakuwa hivyo.

#4 – MetreShien_Mstaafu

Yaya (dada yangu mkubwa), nimefanya kazi ya mbwa miaka 11, migodini upande wa Kolwezi na hapa mjini. Naomba usituweke sote kapu moja, ingawa ulichokutana nacho nakiamini.

Mbwa wa ulinzi aliyefundishwa vizuri hafundishwi kuuma kwanza. Kwanza anafundishwa kutembea na mtu, kukaa, kubaki mahali, kuja akiitwa katikati ya kelele. Hiyo peke yake ni miezi. Kuuma ni jambo la mwisho, na lililo gumu kuliko yote ni kuachia. Kuuma anazaliwa nako. Kuachia kwa neno moja, damu imepanda, ndiyo kazi yetu. Anayekuambia mbwa wako atarudi baada ya miezi 3 akijua kushika na kutoachia, anakuuzia bunduki isiyo na kifungo cha usalama, uiweke kwenye lupango yenye bibi.

Na hilo la kutofika kumwona lingenikimbiza hata mimi. Mbwa hafundishwi kama gari linavyotengenezwa gereji ukaja kulichukua limekamilika. Anayefundishwa zaidi ni mwenye mbwa. Akirudi kwako wewe hujui mkono unakaaje kwenye kamba, wiki ya pili amesahau vyote.

Kwa nini hakuna darasa unalotaka? Kwa sababu anayelipa ni mgodi na kampuni. Mimi mshahara wangu ulitoka kwenye kuogopwa kwa mbwa wangu. Hakuna aliyewahi kunilipa ili mbwa asiogopwe.

#5 – Mwanafunzi_Veto

Mama, jambo. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo hapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nimesoma uzi wako mara mbili na kuna sehemu moja lazima niijibu kabla ya nyingine: hapo uliposema hangurumi tena.

Kunguruma ni mbwa kusema "ninaogopa, rudi nyuma". Akipigwa kwa kunguruma, woga hauondoki, kinachoondoka ni onyo. Anabaki na woga uleule, na hatua inayofuata ni meno, bila sauti ya kukutahadharisha. Yule anayenyamaza na kukaza macho ni wa hatari kuliko yule wa mwanzo. Sikuambii hili ili kukuvunja moyo. Nakuambia ili leo hii hii usimruhusu mtoto kumkaribia, hata kama anaonekana mtulivu. Tafuta kile kikapu cha mdomoni, kilicho wazi kiasi kwamba anaweza kuhema na kunywa maji. Usitumie kamba ya kufunga mdomo, maana mbwa hutoa joto la mwili kwa kuhema, na kwa jua la mwezi wa kumi hapa kwetu unaweza kumuua.

Pili: mbwa hujifunza kipi ni cha kawaida duniani akiwa mdogo sana, kati ya wiki ya 3 na kama wiki ya 14 hivi. Watoto, baiskeli, wanawake wenye mizigo kichwani, mvua juu ya bati, vyote avione wakati huo kwa amani. Mbwa wengi wa mji huu wakati huo wamefungiwa nyuma ya ukuta. Tutaona muda huo umempita, lakini mbwa mkubwa bado anajifunza, polepole tu na kwa subira zaidi.

Namna yake ni hii, na haihitaji gari. Chukua ndagala (dagaa) zilizokaushwa, zivunje vipande vidogo kama punje ya mahindi. Mwite. Akigeuza tu kichwa, mpe papo hapo, ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa, hatajua amelipwa kwa lipi. Dakika 5, mara tatu kwa siku, kabla ya kula. Lugha haina shida, mbwa hajui Kifaransa wala Kiswahili. Anajua sauti moja inayorudiwa vilevile na kila mtu wa nyumba. Kwa hiyo "ikala" ya Bibi iwe "ikala" ya wote. Jina la silabi nne ni refu kidogo kwa kuitia, jaribu "Tuta".

Kwa habari ya watoto: umbali ndio dawa. Tafuta pale ambapo anamwona mtoto lakini bado anaweza kula ndagala. Kama ni mita 30, basi ni mita 30. Mtoto anaonekana, ndagala inakuja. Mtoto amepita, ndagala zimeisha. Siku mbwa atakapomwona mtoto na kukugeukia wewe akidai chake, sogea hatua mbili. Akikataa kula, umekaribia mno, rudi nyuma bila kumgombeza.

Na ule mkia uliojiviringa usiudharau. Wazungu walichukua mbwa wetu wa Kongo wakampeleka Uingereza miaka ya 1930, leo wanamfuga kwa karatasi za ukoo na kumwita Basenji. Jina hilo linatoka kwenye neno la dharau waliloitiwa watu wa vijijini. Ni mbwa wa kuwinda, habweki kama wengine, anatoa sauti kama anaimba, na tangu zamani anaishi kati ya watu na watoto.

#6 – Kwetu_Katuba

Huyu wa veto ananifundisha kitu. Lakini ndagala nazo zina bei, tusisahau. Na chanjo? Wengi huku hatuna ile karatasi.

#7 – Mwanafunzi_Veto

Kaka, ndagala moja ndogo inatoa vipande vitano. Hata bukari kavu iliyovunjwa inatosha kama mbwa ana njaa.

Chanjo ndiyo iwe ya kwanza kabla ya dresaji (mafunzo ya mbwa) yoyote. Karibu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani, 99 kati ya 100, waliambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea kwa mtu hakuna tiba. Mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa katika mji, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kila tarehe 28 mwezi wa 9 ni siku ya dunia ya ugonjwa huu, ulizia kwa veterineri wa komini yako mapema. Kama hujui pa kuanzia, niandikie pembeni.

#8 – Mgoma_Himbi

Naandika kutoka Goma. Darasa la mbwa wa nyumbani hata huku sijaliona, na huku mawe ya volkano yanakata nyayo za mbwa kabla hajafika kona ya avenyu.

Ila nataka wenzangu mjue kitu. Pale Rumangabo, ndani ya mbuga ya Virunga, tangu 2011 kuna mbwa wa kufuata harufu, wale wenye masikio marefu wanaoitwa bloodhound, waliletwa kufuatilia majangili. Wanaowashika kamba ni walinzi wa mbuga, Wakongo wenzetu, na hawakukuta kazi hiyo kwa baba zao, walijifunza ukubwani. Mbwa wa kufuata harufu huwezi kumlazimisha kwa fimbo, kwa sababu pua ni yake, wewe huioni hiyo harufu. Lazima atake mwenyewe kuifuata. Kwa hiyo mtu akisema kumfundisha mbwa kwa upole ni mambo ya wazungu wa Golf, si kweli. Watu wetu wanafanya kazi hiyo, na ni kazi ya hatari.

#9 – MamaTutaona (wiki ya nne baadaye)

Nimerudi. Nawashukuru wote, nilisoma nikaandika kwenye daftari.

Kikapu cha mdomoni nilikosa sokoni Kenya (komini ya hapa Lubumbashi), nikakosa mjini, mwishowe fundi wa viti vya plastiki alinisukia kwa ukanda. Nilimzoesha siku 6, ndagala ndani ya kikapu, bila kufunga. Siku ya saba aliingiza pua mwenyewe.

"Ikala" amejua siku ya tatu. Kuja akiitwa ndani ya lupango, anakuja. Nje, mara nyingine anakuja, mara nyingine hapana. Wiki ya pili tulirudi nyuma kabisa: zamu (mlinzi) wa jirani aligonga bati usiku, na kesho yake Tuta hakutaka kutoka nje ya mlango. Nililia. Kisha nikakaa naye kizingitini dakika 5, tukatazama barabara, basi.

Watoto: tulianzia mwisho wa avenyu, mbali hata sura za watoto sikuzitambua. Leo tuko kama mita 12. Jumanne iliyopita mtoto yuleyule alipita na mama yake kutoka shuleni. Tuta alisimama, masikio mbele. Nilihisi kamba imekaza nikazuia pumzi. Akageuka akanitazama. Mkono ulitetemeka nikamwaga ndagala zote chini, akala zote, mtoto akapita. Na leo asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu mikaratusi ile, alininguruma nilipomshika mguu kutoa kupe. Nilimshukuru kwa sauti. Bibi alidhani nimechanganyikiwa.

Jambo moja bado gumu: niko peke yangu. Sijui kama mkono wangu uko sawa, hakuna wa kuniangalia.

#10 – MetreShien_Mstaafu

Yaya, umefanya kuliko wengi waliolipwa. Peke yako ndipo wengi huacha.

Jumapili mimi sina kazi. Ule uwanja ulio nyuma ya shule, karibu na kwako, asubuhi jua likichomoza tu hauna mtu. Naweza kuja. Sitaki dola 10. Kila mtu alete franka za usafiri wangu kadiri awezavyo, na karatasi ya chanjo, bila hiyo karatasi mbwa asifike. Mbwa wasiozidi 6, wakae mbali mbali, fimbo hakuna.

#11 – Mwanafunzi_Veto

Nitafika. Wenye mbwa bila karatasi niandikieni kabla ya Alhamisi niwaelekeze pa kuchanjia.

#12 – Kwetu_Katuba

Katuba hadi Bel-Air na mbwa kwa miguu ni mbali, lakini tutaanza safari kungali giza. Wangu ni jike, mnyororo nimeufungua tangu wiki iliyopita. Bado anazunguka ule mti kwa mazoea.

#13 – MamaTutaona

Jumapili ya kwanza imepita. Walifika mbwa 4. Metre-shien hakumgusa mbwa hata mmoja saa nzima, alitusahihisha sisi: mimi nakaza kamba kabla mbwa hajaona kitu, kwa hiyo ndimi ninayemwambia kuna hatari. Hilo peke yangu nisingeliona hata mwaka mzima.

Wa nne kufika alikuwa jirani wa nyuma, yule wa kesi ya mpaka. Alisimama mbali na mbwa wake mwekundu amemfunga kwa kamba ya nailoni, hakusema kitu mpaka zamu yake ilipofika. Metre-shien akamuuliza jina la mbwa. Akanitazama kwanza, akasema: "Mungu Anajua." Miaka yote ile nilikuwa nikimsikia akiliita nyuma ya ukuta. Tulifanya zoezi la kupishana mimi na yeye mara kumi, mbwa katikati yetu, kwanza mita 20, mwishowe 8.

Jumapili ijayo ni pale pale, alfajiri. Nafasi zimebaki 2. Anayejua pa kupata vikapu vya mdomoni vya saizi ya kati aseme, fundi wangu ukanda umemwishia. Na mje na maji, bomba la shule linafungwa siku ya Bwana.